Kengele Iliyozimwa Ili Watu Walale

Tarehe 20 Aprili 2010, kwenye Ghuba ya Meksiko, kilomita 66 hivi kutoka pwani ya jimbo la Louisiana nchini Marekani, mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon ulikuwa na watu 126. Miongoni mwao walikuwamo wakubwa wa BP, kampuni iliyokuwa inachimbiwa kisima, na wa Transocean, kampuni yenye mtambo. Walikuwa wamefika siku hiyohiyo, na moja ya sababu za ziara yao ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa kutimiza miaka saba bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi. Ilipokaribia saa nne usiku gesi ilipanda kwa nguvu kutoka kisimani, ikatanda juu ya mtambo na kulipuka. Watu 11 walikufa na miili yao haikupatikana. Siku mbili baadaye mtambo ulizama, na kisima kilichobaki wazi kwenye kina cha mita 1,500 kikatapika mafuta kwa siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria kuwa mapipa milioni 4.9 yalitoka. Mafuta hayo yaliingia kwenye vinamasi wanakozaliana kamba na samaki, na maelfu ya wavuvi wakakaa na boti zao zimefungwa gatini.

Katika uchunguzi uliofuata, fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo ule alitoa ushahidi ambao kwangu una uzito kuliko hata picha za moto. King'ora kikuu, kile ambacho kingelia chenyewe pindi vipima-gesi vikigundua hatari, kilikuwa kimezuiwa kisilie. Vipima-gesi vilifanya kazi na alama za hatari zilitokea kwenye skrini, ila sauti ilisubiri mtu aiwashe kwa mkono wake. Sababu aliyoelezwa ni kwamba wakubwa hawakutaka watu waamshwe saa tisa usiku kwa tahadhari za uongo. Transocean ilijitetea kuwa huo ni utaratibu wa kawaida baharini, na utetezi huo una ukweli ndani yake: mtu anayefanya kazi saa 12 kwa siku anahitaji usingizi, na king'ora kinacholia ovyo hufika mahali kikawa kelele tu. Lakini king'ora chenye kudanganya dawa yake ni kukitengeneza. Aliyekinyamazisha alichagua utulivu wa leo mbele ya habari ya kesho, na hapo ndipo ninapouona mzizi wa ajali nyingi kubwa za mafuta. Ni nadra ajali hizo kutokea kwa sababu hakuna aliyejua. Mara nyingi habari mbaya ilikuwapo, mtu alikuwa nayo mkononi, na kazi ilikuwa imepangwa kwa namna iliyomfanya aone kunyamaza ni rahisi kuliko kusema.

Ili kuona jinsi hilo lilivyotokea, ni lazima kuelewa kidogo kazi yenyewe. Mafuta na gesi hukaa ndani ya mwamba chini ya mgandamizo mkubwa mno. Wakati wa kuchimba, kinachoyazuia yasipande ni tope zito maalumu linalojazwa kisimani. Uzito wake huyakandamiza yabaki yaliko. Uchimbaji ukiisha, bomba la chuma huteremshwa hadi chini, kisha saruji husukumwa kupita ndani yake ikapande kwa nje, izibe nafasi iliyobaki kati ya chuma na mwamba. Saruji ikishika vizuri, tope linaweza kuondolewa salama. Isiposhika, kuliondoa ni sawa na kufungua sufuria ya presha ikiwa bado juu ya moto. Kisima hiki, kilichopewa jina la Macondo, kilikuwa kimechelewa karibu wiki sita na kuzidi bajeti kwa zaidi ya dola milioni 58, na kila siku iliyoongezeka iligharimu takriban dola milioni moja. Bomba hufungwa pete za chuma zinazolishika katikati ya shimo ili saruji ienee pande zote sawasawa. Hesabu za Halliburton, kampuni ya saruji, zilitaka pete 21. Zikatumika 6. Mafundi wa kupima kama saruji imeshika walikuwa tayari mtambono. Asubuhi ya tarehe 20 waliambiwa hawahitajiki, wakarudishwa nchi kavu. Kipimo chao kingegharimu kama dola 128,000. Tume ya taifa iliyochunguza ajali ilikuja kugundua pia kwamba majaribio ya maabara ya Halliburton yenyewe yalikuwa yameonyesha mchanganyiko wa saruji ile si imara, na matokeo hayo hayakumfikia kwa uzito unaostahili mtu ambaye angeweza kusimamisha kazi.

Jioni ile kikabaki kipimo kimoja. Mgandamizo ndani ya kisima hupunguzwa makusudi, kisha watu hukaa na kutazama. Kama saruji imeziba, hakuna kitu kitakachopanda. Kwenye bomba la kuchimbia presha ilipanda. Wakaipunguza, ikapanda tena, mpaka ikatulia kwenye paundi 1,400 kwa kila inchi ya mraba, karibu mara arobaini ya presha ya tairi la gari dogo. Hapo kisima kilikuwa kinasema kwa lugha pekee kiliyonayo kwamba hakijaziba. Waliokuwapo walijadiliana. Mmoja akatoa maelezo kwamba ile ni presha ya kupotosha, inayotokana na uzito wa tope lililo juu kukandamiza mpira wa kuzibia. Baadaye wataalamu waliyakataa maelezo hayo. Kisha wakahamia kwenye bomba jembamba la pembeni, ambako hakukutoka kitu kwa nusu saa. Wakawa na mashahidi wawili, mmoja anapiga kelele na mwingine yuko kimya, wakamwamini aliyenyamaza. Tope likaanza kuondolewa. Chini ya saa mbili baadaye gesi ikawa juu, na kizibo kikubwa cha usalama kilichofungwa kwenye mdomo wa kisima, chenye visu vya kukata bomba na kufunga shimo, hakikuweza kulifunga kwa sababu bomba lilikuwa limepinda na kusogea pembeni mwa visu.

Kuna msomaji atakayesema mkosaji anaonekana wazi: ni wale waliosoma kipimo vibaya. Mwendesha mashtaka naye aliona hivyo. Wasimamizi wawili wa BP waliokuwa mtambono walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, mashtaka hayo yakafutwa mwaka 2015, na hakuna aliyekwenda jela kwa vifo vile. Sisemi kwamba mtu wa zamu hana wajibu. Ana wajibu, tena mzito. Lakini kumlaumu yeye peke yake kunatuacha na swali lisilojibiwa: kama tungewaweka watu wengine wawili pale, wenye wakubwa walewale, ratiba ileile iliyochelewa, na bila mwongozo wa maandishi wa namna ya kukisoma kipimo kile, je, wangefanya tofauti? Tume ya taifa ilijibu kuwa makosa yalikuwa ya mfumo mzima, si ya kampuni moja wala ya mtu mmoja. Jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New Orleans naye, mwaka 2014, aliigawa lawama: asilimia 67 kwa BP, 30 kwa Transocean, 3 kwa Halliburton.

Ajali ya Piper Alpha inalionyesha jambo hili kwa ukaribu zaidi. Hilo lilikuwa jukwaa la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya Scotland. Tarehe 6 Julai 1988 pampu moja kati ya mbili ilikuwa kwenye matengenezo. Vali yake ya usalama ilikuwa imetolewa, na mahali pake pamefunikwa kwa bamba la chuma lisilokazwa sawasawa. Mafundi hawakuimaliza kazi ya vali siku hiyo. Kwa kila kazi ya namna hiyo huandikwa hati ya ruhusa ya kazi, karatasi inayomwambia kila mtu kwamba kifaa fulani kisiguswe. Pampu ile ilikuwa na hati mbili, moja ya matengenezo ya pampu na nyingine ya vali, na hazikuwekwa pamoja. Usiku pampu ya pili ikazimika. Zamu mpya, ambayo wakati wa kukabidhiana haikuambiwa kuhusu vali, ikatafuta njia ya kurudisha nishati, ikaona hati ya pampu, iliyoonyesha matengenezo yenyewe hayajaanza, na isiione ya vali, ikaiwasha pampu ile ya kwanza. Gesi ikatoka pale kwenye bamba. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa kwenye hali ya kuwashwa kwa mkono ili wapiga mbizi wasivutwe na maji. Majukwaa ya jirani yaliyounganishwa nalo kwa mabomba yaliendelea kusukuma mafuta huku wenzao wakiungua, kwa kuwa wasimamizi wake walisita kufunga bila idhini ya nchi kavu. Walikufa watu 167. Hakuna hata mmoja kati ya waliogusa ile pampu aliyekuwa mzembe kwa maana tunayoizoea. Kila mmoja alifanya kazi yake kwa habari aliyokuwa nayo. Habari iliyohitajika ilikuwa imeandikwa, imesainiwa, na imekaa mahali pengine.

Uchunguzi wa Piper Alpha, ulioongozwa na Lord Cullen na kuchapishwa mwaka 1990, ulitoa mapendekezo 106, yote yakakubaliwa. Mawili ndiyo yaliyobadilisha mambo. Kwanza, kampuni haikuachiwa tena kutimiza orodha ya kanuni na kutulia. Ilitakiwa iandike na kuthibitisha jinsi inavyoijua hatari ya mtambo wake na jinsi itakavyoidhibiti. Pili, usimamizi wa usalama uliondolewa kwenye wizara iliyokuwa na kazi ya kuhimiza uzalishaji, ukapewa taasisi ya afya na usalama kazini. Marekani haikujifunza. Mpaka Macondo inalipuka, idara moja ya serikali, Minerals Management Service, ndiyo iliyokodisha vitalu vya bahari, iliyokusanya mrabaha na iliyokagua usalama. Idara inayosifiwa kwa mabilioni inayoyaingiza hazina haiwezi kwa moyo uleule kuwa ndiyo inayofunga visima. Ilivunjwa baada ya ajali na kazi zake zikatenganishwa. Katika nyaraka zilizopita chini ya usimamizi wake ulikuwamo mpango wa BP wa kukabili mafuta yakimwagika katika Ghuba ya Meksiko. Mpango huo uliorodhesha sili na wanyama wengine wa bahari za barafu kuwa miongoni mwa viumbe wa ghuba hiyo ya joto, na ukamtaja kama mtaalamu wa kutegemewa mtu aliyekuwa amefariki miaka kadhaa kabla. Ulikuwa umesainiwa na kupitishwa, na hakuna aliyeusoma kwa nia ya kuutumia.

Nirudi kwenye ile sherehe ya miaka saba, kwa sababu haikuwa ya kwanza ya aina yake. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City kilichokuwa mali ya BP, kundi la wakandarasi lilirudi kazini kutoka kwenye mlo wa mchana wa kusherehekea mwezi mzima bila mtu kuumia. Karibu na ofisi zao za matela mnara mmoja wa kutenganisha petroli ulikuwa unajazwa. Kipima cha ndani kilionyesha kimiminika kiko chini ya mita 3 na kinashuka. Ukweli ni kwamba kilikuwa kimefika mita 48 na kingali kinapanda. Kengele ya pili ya kujaa kupita kiasi ilikuwa mbovu. Baadhi ya waendesha mitambo walikuwa wamefanya kazi siku 29 mfululizo, saa 12 kila siku. Petroli ikafurika, mvuke wake ukashika moto, wakafa watu 15 na wengine 180 wakajeruhiwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wazee, na katika kazi hii maneno hayo ni maelezo ya kiufundi. Hesabu ya siku bila kuumia huonyesha kama watu wanavaa kofia ngumu na kushika vyuma vya ngazi. Haionyeshi kama vipima vinasema kweli, kama saruji imeshika, kama vali imerudishwa mahali pake. Jopo lililoundwa baada ya ajali hiyo, likiongozwa na James Baker, liliiambia BP hivyo waziwazi mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye wakubwa wakapanda mtambono kupongeza hesabu ileile. Na Transocean, katika taarifa yake ya mwaka 2010, ilidiriki kuuita mwaka ule bora zaidi katika takwimu zake za usalama, ikawalipa viongozi wake bonasi ya usalama; walipopigiwa kelele wakaitoa kwa familia za marehemu. Hesabu inayoweza kutoa jibu hilo baada ya watu 11 kufa ni hesabu isiyopima kitu tunachotaka kukijua.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la kiuchumi. Wapo wanaosema kampuni haihitaji kusukumwa na serikali, kwa kuwa hasara ya ajali ni yake mwenyewe. BP imelipa zaidi ya dola bilioni 65 kwa sababu ya Macondo, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayetaka bili kama hiyo. Hoja hii ingekuwa kweli kama anayeokoa fedha na anayelipa wangekuwa mtu mmoja. Meneja aliyewarudisha mafundi wa kupima saruji aliokoa dola 128,000 siku hiyohiyo, na akiba hiyo inaonekana kwenye vitabu vyake. Hatari aliyoiongeza haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Mara nyingi huponea, na kila anapoponea anajifunza kwamba kipimo kile hakikuwa cha lazima. Siku asipoponea, bili inakwenda kwa wenye hisa, kwa mvuvi wa kamba wa Louisiana, na kwa familia za watu 11. Soko haliwezi kurekebisha hapo. Anayeweza ni mtu mwenye mamlaka ya kisheria ambaye mshahara wake hautegemei mafuta kutoka kwa wakati.

Afrika Mashariki nayo ina makaburi yake. Tarehe 12 Septemba 2011, katika kitongoji cha Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mferejini na kuwaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na moto ukaua zaidi ya 100. Kila mara lawama ya haraka iliwaangukia waliokufa: waliona petroli wakaiita riziki. Kweli, hakuna kinachopaswa kumfanya mtu akinge petroli mferejini. Lakini watu wa Sinai waliishi juu ya hifadhi ya bomba kwa miaka mingi, machoni pa kila ofisi iliyotakiwa kuwahamisha kwa haki au kulihamisha bomba. Na kabla ya Msamvu kulikuwa na Sange, mashariki ya Kongo, ambako Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuua zaidi ya watu 200, na kabla yake Sachangwan, Kenya, Januari 2009. Jambo likishatokea mara tatu namna ileile, anayeendesha biashara ya kusafirisha petroli hawezi kusema hakulitazamia. Tabia ya watu maskini mbele ya mafuta yanayomwagika ni sehemu ya hatari ya mzigo huo, kama ilivyo cheche. Ni ya kupangiwa kabla lori halijawashwa: nani atafunga barabara, kwa dakika ngapi, na polisi wa kituo cha karibu wana nini mkononi zaidi ya filimbi.

Maswali haya sasa yana makao mapya. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakipoa huganda, hivyo bomba lote ni la kupashwa moto. Mwisho wake ni matangi yenye uwezo wa mapipa milioni 2 na gati ya meli, kwenye pwani ya mikoko na matumbawe, mkoa uleule wenye hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale aitwaye silikanti. Anayeuliza juu ya usalama wa mradi huu huitwa kwa urahisi adui wa maendeleo. Simo katika wanaotaka mafuta ya Uganda yabaki ardhini. Ninachosema ni kwamba serikali zetu zimo ndani ya biashara hii: TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa za bomba, mashirika ya taifa ya mafuta ya Uganda na Tanzania yana 15 kila moja, CNOOC ya China ina 8. Kwa hiyo EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ambayo Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 imeikabidhi udhibiti wa mabomba, itakuwa inakagua mali ambayo serikali iliyoiunda ina hisa ndani yake. Sheria imewatenganisha mdhibiti na mwenye hisa, na hilo ni jema. Marekani ililifikia baada ya vifo 11. Ila utengano wa kwenye karatasi hupimwa siku mdhibiti anapotaka kusimamisha mtiririko wa mapipa zaidi ya 200,000 kwa siku, wakati hazina inayasubiri mapato yake.

Mpango wa kukabili mafuta yakimwagika Tanga unapaswa kuwa mikononi mwa wavuvi wa Chongoleani kwa Kiswahili, ukitaja mikoko yao kwa majina wanayoyaita wao, idadi ya maboya ya kuzuia mafuta na yalipohifadhiwa, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Ripoti za ukaguzi wa bomba zinapaswa kutolewa hadharani, pamoja na idadi ya tahadhari zilizolia, zilizopuuzwa na sababu zake. Ndani ya chumba cha kuendeshea mitambo, kijana wa zamu ya usiku anayeona namba isiyomkalia sawa anahitaji ruhusa iliyoandikwa ya kufunga vali kwanza na kueleza baadaye. Akiifunga, na ikabainika asubuhi kwamba kipima ndicho kilichokuwa kibovu na meli imecheleweshwa saa sita bure, anahitaji kukuta kadi yake ya kuingilia getini bado inafanya kazi.